Mng'ongo na vipimo vya dawa ya kisukari, Durban

Mng'ongo (*Sclerocarya birrea*) ni mti wa savana wa jamii moja na mwembe na mkorosho. Huota kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwemo. Wazulu huuita *umganu*. Baadhi ya jamii za Afrika hunywa maji ya gome lake kutibu kisukari, na dawa hiyo imepimwa maabara jijini Durban.

Mahali

Katikati ya Durban lipo soko la Warwick, maarufu kwa magome na mizizi ya dawa. Magharibi yake ni Westville, kilipokuwa Chuo Kikuu cha Durban-Westville. Mwaka 2004 chuo hicho kiliungana na kile cha Natal, kikazaliwa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal.

Jaribio la 2003

Mwanafamakolojia John Ojewole wa Durban-Westville aliwadunga panya streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Panya hao wenye kisukari, pamoja na wengine wazima, walinyweshwa dawa ya gome wakiwa hawajala, kwa kipimo cha miligramu 100 hadi 800 kwa kila kilo ya uzito. Kundi jingine lilipewa klopropamidi, dawa ya hospitalini, kwa ajili ya ulinganisho. Gome lilishusha sukari ya panya wagonjwa na ya wazima pia. Mwaka 2007, Théophile Dimo na wenzake nchini Kamerun walichapisha matokeo yanayoelekea huko huko.

Kumpata panya anayefaa

Panya aliyeuliwa seli za kongosho hufanana zaidi na mgonjwa wa kisukari aina ya 1, ilhali wagonjwa wengi duniani wana aina ya 2, ambapo mwili huanza kwa kutoitikia insulini vizuri. Ndiyo maana mwaka 2012 Shahidul Islam na mwenzake wa KwaZulu-Natal walipendekeza njia nyingine: panya anyweshwe maji yenye fruktosi asilimia 10 kwa wiki mbili, kisha adungwe streptozotosini kidogo. Mmea ukipimwa kwa panya huyo, jibu lake huwa karibu zaidi na hali ya wagonjwa walio wengi.

Maana kwa mgonjwa

Elimu ya waganga inastahili kupimwa kwa heshima. Metformini, dawa kuu ya kisukari leo, chimbuko lake ni utafiti wa mmea *Galega officinalis*, dawa ya kienyeji ya Ulaya. Lakini kiini cha mmea huo kilikuwa na sumu. Ilibidi kitengenezwe kingine kilicho salama, na Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kukitumia kwa wagonjwa mwaka 1957.

Panya kushuka sukari ni hatua ya kwanza tu. Dawa inayoshusha hata sukari ya mzima, ikichanganywa na vidonge au insulini, inaweza kumwangusha mgonjwa. Anayetumia gome amweleze daktari au muuguzi wake, wala asiache sindano kwa sababu ya matokeo ya panya.