Kutoka nyundo hadi frigo: historia ya karakana ya akina Hall

Wandugu, kwenye kundi letu kuna vijana wanaojifunza kuchomelea vyuma, na tunawasikia wengine wakiona aibu kidogo, eti ni kazi ya walioshindwa masomo. Kwanza tukumbushane kwamba hapa Rwanda ya zamani nyundo ya mhunzi ilikuwa moja ya alama za ufalme. Halafu tuwaletee historia ya karakana moja ya mbali, maana mwisho wake unafika mpaka hapa Kigali.

Mwaka 1785 kijana anaitwa John Hall alifungua karakana ya uhunzi Dartford, mji ulio karibu na London, Uingereza. Pale kulikuwa na viwanda vya karatasi na vya baruti, na mashine zao zilihitaji fundi kila siku. Hall alianza kwa kuzitengeneza zikiharibika, baadaye akawa anaunda mpya. Mwaka 1813 yeye na shemeji yake Bryan Donkin walikuwa na kiwanda cha kuhifadhi chakula ndani ya makopo ya bati, cha kwanza Uingereza. Kwa hiyo swali la chakula kisioze lilimgusa mapema, kabla hata ya frigo kuwepo.

Baba alipofariki mwaka 1836, watoto wake John na Edward waliendeleza kazi, ndiyo maana jina likawa J & E Hall. Walitengeneza injini za mvuke, boila na mashine za karatasi. Lakini kufikia miaka ya 1870 kazi ilikuwa imeshuka sana, na karakana ilikuwa karibu kufa.

Mwaka 1878 akaingia injinia kijana, Everard Hesketh. Hakuwa mtoto wa ile familia, lakini alipewa nafasi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa ndivyo ilivyokuwa. Hesketh aliona shida ya wakati ule: miji ya Uingereza ilikuwa na watu wengi na nyama kidogo, wakati kusini ya dunia kondoo walikuwa wengi bila soko. Meli ilitumia wiki nyingi baharini, na ilipita kwenye joto la ikweta. Nyama ingefikaje salama?

Basi wakaanza mashine za baridi. Ile ya kwanza ilitumia hewa ya kawaida. Unaibana hewa, inapata moto. Unaipoza kwa maji, halafu unaiachia ipanuke, nayo inakuwa baridi kali. Ukiangalia vizuri, vitu vyenyewe ni silinda, pistoni na mabomba yasiyovuja, karibu vilevile vya injini ya mvuke. Mafundi hawakuanza upya. Ujuzi wa mikono ulikuwa uleule, bidhaa ndiyo iliyobadilika. Mwaka 1886 meli ya Selembria, ikiwa na mashine zao, ilileta Uingereza kondoo 30,000 waliogandishwa kutoka visiwa vya Falkland.

Halafu wakanunua haki ya mashine ya Mjerumani Franz Windhausen, iliyotumia gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hii haiwaki, na si sumu kali kama amonia, ambayo ikivuja ndani ya meli inaweza kuua mabaharia. Ubaya wake ni presha kubwa sana, inahitaji chuma imara na maungio mazuri. Kwa watu waliotoka kwenye uhunzi, hiyo ndiyo kazi waliyoijua. Tangu karibu mwaka 1890 mashine zao zilifungwa kwenye meli nyingi.

Miaka ya 1930 zilikuja gesi mpya kutoka Marekani, zenye presha ndogo na rahisi kutumia, na kaboni dioksaidi ikaanza kusahauliwa. Kumbe zile gesi mpya zilikuwa zinatoboa tabaka la ozoni! Mwaka 1987 dunia ilikubaliana Montreal kuziacha. Zilizochukua nafasi yake hazikugusa ozoni, lakini zinaongeza joto la dunia vibaya sana. Ndipo tarehe 15 Oktoba 2016, hapa hapa Kigali, nchi zikakubaliana kuzipunguza hizo nazo. Makubaliano hayo yanaweza kuepusha hadi nusu digrii ya joto kufikia mwisho wa karne hii. Na leo maduka makubwa ya nchi nyingi yanarudi kwenye kaboni dioksaidi, ile gesi ya mafundi wa Dartford.

Kwa nini tunawaambia haya? Kwa sababu mafunzo mengi ya kuchomelea yanaishia kwenye milango na madirisha, na kila mtaa tayari una watu wa madirisha. Fundi wa frigo bado ni wa kutafuta. Chanjo nyingi zinataka kukaa kati ya digrii 2 na 8. Frigo ya zahanati ikizima Jumamosi usiku, ataitwa nani? Anayejua kuunga bomba la shaba bila kuvuja ameshaanza safari. Amebakiza umeme, gesi na usalama wake. Kule Rubirizi, Kigali, kuna kituo cha ACES kinachofundisha mambo ya baridi.

Ninyi mnaopanga mafunzo, ongezeni somo hili. Na wewe mwenye nyundo, uliza nini kinaoza karibu nawe.