Ulimwengu Huria: Maelezo ya Istilahi Moja ya Michezo ya Kompyuta

Mwezi wa Mei 2002 kampuni ya Bethesda, yenye makao yake katika mji wa Rockville, jimbo la Maryland, huko Marekani, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Morrowind, wa tatu katika silsila ya The Elder Scrolls. Na kwa kuwa mchezo huo ni miongoni mwa ile inayotajwa mno kila inapozungumzwa aina ya michezo ambayo Waingereza huiita open world, nimeona wafaa kuwa kipimo cha tafsiri ya istilahi hiyo katika lugha yetu. Tafsiri imjiayo mtu kwanza ni ulimwengu wazi. Nami nashika kwamba ifaayo ni ulimwengu huria, na hoja zangu nazichukua katika mchezo wenyewe, katika hekaya yake na katika nchi iliyotungiwa hekaya hiyo.

Katika michezo mingi ya kompyuta mchezaji hupelekwa hatua kwa hatua: amalizapo ukumbi huu hufunguliwa ule, na amshindapo adui huyu huonyeshwa mwingine, hata kisa kikafika mwisho wake kwa utaratibu alioukata mtungaji. Vitabu navyo ndivyo vilivyo. Msomaji wa Kusadikika ya Shaaban Robert huketi barazani pamoja na wakubwa wa nchi ile ielayo angani, akamsikiliza Karama akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, na hana njia ya kumfuata mjumbe wa kaskazini kabla Karama mwenyewe hajamtaja. Mchezo wa aina hii tunayoieleza humtoa mtu barazani na kumpa ujumbe. Nchi yote imekwisha kuumbwa, milima yake, miji yake, makaburi yake na watu wake, nayo yamngoja kwa pamoja, akitaka aende kaskazini leo, akitaka mwakani, akitaka asiende abadani.

Nchi ya hekaya ya Morrowind ni kisiwa kiitwacho Vvardenfell, ambacho katikati yake umesimama mlima wa moto, Mlima Mwekundu, utoao dhoruba za majivu juu ya mashamba, mabonde na miji. Mchezaji huingia humo akiwa mfungwa, aliyeletwa kwa merikebu hadi bandari ndogo ya Seyda Neen. Na gatini huulizwa kabila lake, kisha katika ofisi ya ushuru huulizwa kazi yake na nyota yake, na majibu yake huwa ndiyo nafsi yake kwa muda wote wa mchezo, kwani huu ni mchezo wa kujivika uhusika. Kisha huachiwa huru kwa amri ya mfalme mkuu aliye mbali ng'ambo, hukabidhiwa bahasha ya kumpelekea mtu wa mji wa Balmora aitwaye Caius Cosades, ambaye kwa sura ni mzee fukara aliyetekwa na kileo na kwa siri ni mkubwa wa majasusi wa mfalme, na mlango ukafunguliwa. Tangu hapo hakuna amshikaye mkono. Huweza kuipeleka bahasha siku ile ile, na huweza kuitia mkobani akaenda kujiandikisha katika chama cha wachawi, au cha wapiganaji, au cha wezi, au akajiunga na mmoja wa milango mikuu ya koo itawalayo kisiwa, akapanda daraja baada ya daraja, na yule mzee wa Balmora akaendelea kumsubiri bila neno.

Anayeifuata bahasha hupata kujua kwamba chini ya Mlima Mwekundu ameamka Dagoth Ur, aliyedhaniwa amekufa zamani, ambaye huwatumia watu ndoto mbaya na maradhi kwa njia ya majivu. Na kwamba miongoni mwa makabila ya wahamaji wa jangwa la majivu kuna utabiri wa kale, kuwa shujaa Nerevar, amiri wa zama za mwanzo, atazaliwa tena katika mwili wa mgeni ili amwondoe. Mchezaji ndiye adhaniwaye kuwa mgeni huyo. Nasema adhaniwaye kwa makusudi, maana mchezo haumpi yakini: humpa alama, humpa masharti ya kutimiza, huku pangoni akikutana na roho za watu waliojaribu kabla yake na kushindwa, ambao kila mmoja wao aliamini kuwa ndiye.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo uzuri wa mchezo huu ulipo na ndipo tafsiri ya ulimwengu wazi inapoanza kuyumba. Kisiwa hicho hutawaliwa kwa imani na miungu watatu waliokuwa wanadamu, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, ambao zamani walikuwa washauri wa Nerevar. Hekalu lao lafundisha kwamba Nerevar alikufa kwa majeraha baada ya vita vya Mlima Mwekundu. Wahamaji wa jangwani wasimulia riwaya nyingine: kwamba aliuawa na washauri wake hao hao, ili watumie zana za kichawi alizowakataza, wakajipatia uungu kutoka katika moyo wa mungu mfu uliozikwa mlimani. Mchezaji atakapofika mbele ya Vivec na kumwuliza, Vivec atakanusha. Lakini yako masomo 36 yaliyoandikwa na Vivec, yametawanyika katika maduka, nyumba na mahekalu ya kisiwa kizima, na katika somo moja zimo hesabu ambazo msomaji mwenye subira, azitumiapo kuhesabu maneno ya masomo yote, hupata sentensi za ungamo la kuua. Hakuna ahukumuye baina ya riwaya hizo. Rawi ni wengi, kila mmoja ana sanadi yake na ana maslahi yake, na mchezaji huachiwa kuzipima kama wapimavyo wenye elimu ya tarehe.

Sasa tulitazame neno wazi. Waswahili husema nyumba iko wazi wakiwa na maana kwamba haina mtu, na nafasi iko wazi kwa kuwa haijashikwa. Husema jambo ni wazi likiwa halina shaka. Husema uwanja wa wazi penye mahali pasipo kizuizi. Vvardenfell si tupu, maana kila kibanda kina mwenyewe na kila mwenyewe ana jina. Si bayana, kama tulivyoona katika habari ya kifo cha Nerevar. Na si mahali pasipo kizuizi, kwani Mlima Mwekundu wenyewe umezungushiwa ukuta wa mizimu, uliosimamishwa kwa nguvu za roho za wafu, ili maradhi na viumbe vya Dagoth Ur visitoke. Hata njia haziko wazi. Mchezaji hapewi mshale wa kumwonyesha aendako: mtu humwambia ashike barabara ya kusini, avuke daraja, kisha aelekee mashariki penye mawe mawili, naye lazima asikilize, arejee daftari lake, na akipotea arudi kuuliza. Katika mchezo uliofuata, Oblivion wa mwaka 2006, iliwekwa dira yenye alama ya kumwongoza mchezaji hadi mlangoni. Safari zikawa nyepesi, na kwa maoni yangu kikapotea kitu cha thamani, yaani haja ya kumsikiliza mwenyeji.

Wapo wanaodhani kwamba sifa ya michezo hii ni ukubwa wa ardhi, na dhana hiyo nayo huwavuta kwenye neno wazi, kwani wazi humfikirisha mtu upana. Ushahidi wa kuikanusha umo katika silsila hii hii. Mchezo wa pili, Daggerfall wa mwaka 1996, ulitangazwa kuwa na eneo lililokaribia ukubwa wa kisiwa cha Uingereza, lenye miji, vijiji na mapango kwa maelfu, ambayo aghalabu yalipangwa na kompyuta yenyewe kwa hesabu, hata mtu angeweza kusafiri siku nyingi asione tofauti ya kijiji na kijiji. Watungaji wa Morrowind waligeuza mwendo: wakachukua kisiwa kimoja, kidogo mno kwa kulinganisha, wakaweka kwa mikono yao kila jiwe, kila kikombe juu ya meza na kila kitabu rafuni. Eneo lilipungua, na hiari ya mchezaji ikapata uzito, kwa kuwa sasa palikuwa na kitu cha kuchagua.

Hiari hiyo ndiyo inayotafsiriwa, na lugha yetu imekwisha kuipa jina. Tanzania ilipoanzisha kwa sheria ya 1992 chuo kikuu kinachofundisha wanafunzi walio mbali, ambacho kwa Kiingereza jina lake lina neno lile lile open, hakikuitwa Chuo Kikuu Wazi, kiliitwa Chuo Kikuu Huria. Na waliochagua neno hilo walitambua kwamba habari si ya milango, ni ya mwanafunzi kusoma mahali alipo na kwa mwendo wake mwenyewe, ilhali masomo yapo, mitihani ipo na masharti yapo. Hivyo hasa ndivyo ulivyo mchezo wa Morrowind: kisa kipo, mwanzo upo na hatima ipo, bali mwendo ni wa mwenye kwenda.

Fauka ya hayo, neno huria limechukua kumbukumbu ambayo wazi haina. Ni ndugu wa huru, na yote mawili asili yake ni Kiarabu. Na katika pwani yetu huru lilikuwa kinyume cha mtumwa muda mrefu kabla halijawa neno la siasa, kwani mtu alisema amemwacha mtumwa wake huru, na kila aliyesikia alijua uzito wa tendo hilo katika nchi ambamo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kisiwa cha Vvardenfell ni nchi ya watumwa. Watu wa kabila lenye sura ya paka na wa kabila lenye sura ya mjusi hufungwa bangili na kufanyishwa kazi mashambani na migodini, na sheria ya nchi yaruhusu. Mchezaji akipata funguo aweza kuwafungua, na akiendelea hivyo atajulikana kwa chama cha siri kinachowasaidia watoro, ambacho alama yake ni taa mbili. Asipotaka, aweza kupita mbele yao miaka yote ya mchezo bila kugeuza shingo, na hakuna sauti itakayomkemea. Mfungwa aliyeachiwa huru atembea kati ya wasioachiwa. Sijui tafsiri nyingine ingewezaje kuingia ndani ya maana ya mchezo kwa kiasi hicho.

Labda mtu atasema kwamba huria lanuka soko huria, kwamba lafahamisha watu kuachwa wafanye wapendavyo pasipo dhima. Jibu limo katika mwenendo wa Morrowind. Mchezaji aweza kumwua mtu yeyote, hata yule ambaye kisa kizima kimemtegemea. Michezo iliyofuata ilimkinga mtu wa namna hiyo asife, bali huu haumkingi. Akimwua, hupata taarifa kwamba uzi wa utabiri umekatika, na kwamba ama airudishe hali iliyohifadhiwa kabla, ama aendelee kuishi katika ulimwengu alioupeleka kwenye maangamizi kwa mkono wake. Na kumbe hata hapo njia moja imebaki, ambayo haikuandikwa katika utabiri wowote: akimwua Vivec mwenyewe akachukua glavu ya kichawi aliyokuwa nayo, na akampata Yagrum Bagarn, wa mwisho aliye hai katika taifa la mafundi waliotoweka zamani, aishiye mgonjwa shimoni miongoni mwa wagonjwa wenziwe, fundi huyo humtengenezea glavu ile aweze kuitumia, ingawa kwa gharama ya afya ya mwili wake, na Dagoth Ur huweza kushindwa na mtu ambaye si mteule wa yeyote. Watungaji walifikiri hata habari ya mtu atakayeuharibu utungo wao, wakamwekea fundi shimoni. Heshima ya namna hiyo kwa hiari ya mwingine ni nadra katika sanaa yoyote.

Imebaki nusu ya pili ya istilahi, nayo haina mashaka makubwa. Baadhi watapenda dunia huria, na sentensi zao zitafahamika. Mimi nachagua ulimwengu kwa sababu umezaa walimwengu, neno litufaalo kuwaita wale watu wa mchezoni wasioendeshwa na mchezaji, wauza duka, walinzi, makuhani na wakulima, ambao kwa Kiingereza hutajwa kwa herufi tatu tu zisizo na uhai. Walimwengu katika Kiswahili ni watu na maneno yao, husuda zao, sifa na lawama zao. Na katika Morrowind mlimwengu hubadilisha kauli yake kwa kadiri ampendavyo au amchukiavyo anayesema naye, kwa kabila lake, kwa chama chake na kwa habari zilizomtangulia.

Katika matumizi, huria halichukui kiambishi cha ngeli: tutasema mchezo wa ulimwengu huria na michezo ya ulimwengu huria, kama tusemavyo vyuo huria na programu huria. Na hii ya mwisho imekwisha kukutana na mchezo wetu, kwani wapenzi wa Morrowind wameandika upya mtambo wake wa ndani, wakauita OpenMW, ambao msimbo wake ni ruhusa kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha; na wengine, kwa zana ambazo Bethesda yenyewe iliziuza pamoja na mchezo, wangali wakijenga, chini ya jina la Tamriel Rebuilt, nchi ya bara iliyo ng'ambo ya maji ya Vvardenfell, kijiji baada ya kijiji, pamoja na walimwengu wake.