Basi, Treni au Ndege: Msafiri Huchagua au Huchaguliwa?

Anayetaka kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma leo hii ana njia tatu mbele yake. Anaweza kupanda basi katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Anaweza kupanda treni ya umeme katikati ya jiji. Au, kama mfuko wake au ofisi yake inaruhusu, anaweza kuruka kwa ndege na kukaa angani kwa muda unaokaribia saa moja. Mjadala tunaousikia vijiweni na maofisini ni wa kulinganisha: ipi ina nauli nafuu, ipi inawahi, ipi ni salama zaidi. Ni mjadala halali. Hata hivyo, kwa jicho la historia, mjadala huo unaanzia mwishoni. Kabla ya kumuuliza msafiri achague nini, yatupasa tuulize ni nani aliyeamua avikute vitu gani mezani.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza ingawa ni nzito kuikubali. Kwa zaidi ya karne moja, Mtanzania wa kawaida hakuchagua usafiri wa kutoka mji mmoja kwenda mwingine, alichaguliwa. Aliyemchagulia alikuwa mkoloni, kisha mpangaji wa serikali, kisha soko. Na kila mara njia moja ilipoachwa ife, gharama haikumwangukia aliyeamua. Ilimwangukia abiria.

Tuanze na reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, umbali wa takriban kilometa 1,250 kutoka pwani. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilikuwa imekwisha kufika Moshi mwaka 1911. Waingereza wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Ukizitazama reli hizo kwenye ramani, utaona kwamba zote zinatoka bandarini kwenda bara, kama mirija. Hazikujengwa ili mtu wa Moshi amtembelee ndugu yake Dodoma. Zilijengwa ili mkonge, kahawa, pamba na karanga vifike melini. Reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikuunganishwa hadi mwaka 1963, kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu, miaka miwili baada ya Uhuru. Miji miwili mikubwa ya pwani yetu, Tanga na Dar es Salaam, iliishi na reli kwa zaidi ya nusu karne bila treni ya kuiunganisha. Huo haukuwa usahaulifu. Mkoloni hakuwa na sababu ya kutumia fedha zake ili sisi kwa sisi tutembeleane.

Hata ndani ya treni yenyewe, uchaguzi ulikuwa wa jina tu. Madaraja yalikwenda sambamba na rangi ya ngozi, na Mwafrika mahali pake palikuwa daraja la tatu. Na nje ya treni, sheria ilihakikisha kwamba hakuna mshindani. Katika miaka ya 1930, malori yalipoanza kunyang'anya reli shehena, serikali ya Tanganyika iliweka sheria za kuyazuia yasibebe mizigo kibiashara kwenye njia zilizokwenda sambamba na reli. Naomba msomaji aishike hoja hiyo, kwa sababu tutakutana nayo tena.

Uhuru ulibadili nia, lakini haukubadili kanuni. Bado waliochagua walikuwa wachache, safari hii kwa sababu za kisiasa ambazo binafsi naziheshimu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilijikuta imezingirwa kusini. Jibu likawa ni barabara ya lami hadi Tunduma na reli ya TAZARA. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikuwa zimekataa kuigharamia reli hiyo. China ikakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli yenye urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi. Ilijengwa kwa ajili ya shaba na ukombozi. Lakini mkulima wa Kilombero na mfanyabiashara wa Makambako walipata treni ambayo hakuna mkoloni aliyewahi kufikiria kuwapa. Hapo ndipo tunapoona kwamba uamuzi wa juu unaweza kumfaa wa chini, hata kama hakuwa ndiye aliyelengwa.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo Shirika la Reli na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Tanzania ikalazimika kuanzisha kwa haraka Shirika la Reli Tanzania na Shirika la Ndege Tanzania, ilhali mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983. Ukijumlisha vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata, unapata miaka ambayo msafiri hakuuliza apande nini. Aliuliza kama kuna chochote kitakachoondoka.

Mageuzi ya uchumi ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 yalileta basi la mtu binafsi, na mabasi ya umma ya KAMATA yakabaki kuwa jina la mtaa jijini Dar es Salaam. Ni haki kusema kwamba basi ndilo lililoiunganisha nchi hii wakati serikali haikuwa na uwezo. Lakini lilifanya hivyo juu ya barabara ambazo hazikuwapo. Mimi ni wa kizazi kilichotoka Mwanza kwenda chuo Dar es Salaam kwa kupitia Sirari, Nairobi na Namanga. Tulitoka ndani ya nchi yetu, tukapita nchi ya jirani tukiwa na hati za kusafiria mikononi, ili tuingie tena ndani ya nchi yetu. Mbadala wake ulikuwa treni ya karibu siku mbili kupitia Tabora, kama inatembea. Lami ya kutoka Dodoma kupitia Singida hadi Shinyanga ilipokamilika katika karne hii, ndipo Watanzania wengi wa Kanda ya Ziwa walipoanza kusafiri kwenda pwani bila kuomba ruhusa ya taifa jingine.

Wakati basi likistawi, reli ilikuwa inakufa. Kifo hicho husimuliwa kana kwamba ni matokeo ya ushindani, yaani watu walipenda basi, treni ikakosa abiria. Ushahidi unakataa. Treni ya abiria ya kaskazini ilisimama katika miaka ya 1990, ikarejea Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020. Iliporejea, watu waliijaza. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma bila kuzuilika na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki dunia. Ndani yake walikuwamo abiria zaidi ya 1,200. Hiyo si picha ya usafiri uliokosa wateja. Ni picha ya watu wengi waliokuwa bado wanautegemea usafiri ambao matunzo yake yalikuwa yameachwa nyuma. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India, na miaka michache baadaye mkataba ukavunjwa. Mwishoni mwa mwaka 2009 mafuriko yakaing'oa njia katika eneo la Kilosa na Gulwe, eneo ambalo wahandisi wamelijua kuwa ni korofi kwa miongo mingi. Reli haikushindwa na basi. Ilitelekezwa.

Na abiria alilipa. Alilipa kwa ajali za barabarani, ambazo zilisababisha serikali kupiga marufuku mabasi kusafiri usiku kucha. Kwa takriban miongo mitatu, hadi marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 2023, abiria wa Bukoba au Kigoma alilala njiani, kichwa kwenye kiti cha mbele, akisubiri kupambazuke. Katika nchi yenye treni inayotembea usiku, marufuku hiyo ingekuwa usumbufu mdogo. Katika nchi iliyoiacha treni yake, ilikuwa adhabu kwa maskini wa mbali.

Kuhusu ndege nitasema machache, kwa kuwa historia yake ni ya wachache. Shirika letu la ndege liliuziwa sehemu kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini mwaka 2002, ndoa ikavunjika mwaka 2006. Ushindani wa nauli ulioletwa na Fastjet kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012 uliwafanya wengi wapande ndege kwa mara ya kwanza. Kuanzia mwaka 2016 serikali ilianza kununua ndege mpya kwa fedha za umma. Sipingi. Ninachouliza ni nani anayekaa ndani yake. Sehemu kubwa ya safari za Dar es Salaam na Dodoma ni za vikao, na tiketi hizo hulipwa na ofisi. Kwa maneno mengine, yule ambaye hajawahi kuona ngazi ya ndege amechangia kuinunua, kisha anachangia tiketi ya anayeipanda.

Sasa tumefika kwenye treni ya umeme. Ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai 2024. Mwendo wake unafikia kilometa 160 kwa saa, na treni ya haraka hufika Dodoma kwa chini ya saa nne, safari ambayo kwa basi huchukua kama saa nane. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, mtu wa kipato cha kati ana uchaguzi wa kweli katika njia hii moja. Ni jambo la kufurahia, na silionei haya.

Lakini historia inatuonya mara mbili. Onyo la kwanza linatoka kwa majirani. Kenya ilizindua reli yake mpya ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Ili kuipatia mizigo, serikali iliagiza makontena yapande treni, na wenye malori na vibarua wa Mombasa wakaingia barabarani kupinga. Ni sheria ya miaka ya 1930 iliyorudi ikiwa imevaa suti. Reli yetu nayo imejengwa kwa mikopo, ukiwamo wa dola bilioni 1.46 uliosainiwa mwaka 2020 kwa uratibu wa Benki ya Standard Chartered. Deni likibana, kishawishi cha kulibana basi ili treni ijae kitakuwa kikubwa. Onyo la pili ni la nyumbani: tunajua kuzindua kuliko kutunza. Igandu leo ni jina la stesheni kwenye reli mpya. Kila treni inapopita hapo, inapaswa kutukumbusha kwamba breki hazitazami hotuba za uzinduzi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina maswali matatu ya kupeleka mezani. Je, fungu la matunzo ya reli limelindwa kisheria, au litakatwa bajeti itakapobana? Je, treni ya zamani inayosimama kwenye vituo vidogo itaendelea kutembea, au mama anayeuza kuku Saranda ataambiwa kwamba maendeleo yamempita kwa kasi? Je, tiketi za ndege za vikao zitaendelea kuwa haki ya cheo katika njia ambayo treni inafika kwa nusu siku?

Kwa wanafunzi na wanaharakati, ninawaomba msiridhike na kulinganisha nauli. Nauli huwekwa jioni. Reli, lami na kiwanja huamuliwa asubuhi, katika vyumba ambamo abiria wa daraja la tatu hajawahi kualikwa. Haki ya kuchagua usafiri huanzia huko.