Viti maalum: fomu inachukuliwa wapi?

Juzi hapa Mwanhuzi binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita kaniuliza: "Kaka, nikitaka ubunge wa viti maalum nachukua fomu wapi?" Nikacheka, kisha nikagundua hata mimi sijui vizuri. Nikaenda kuisoma Katiba.

Ibara ya 66 inasema wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30. Haikuanza hivyo. Uchaguzi wa 1985 vilikuwa 15 tu. Mwaka 2005 vikafika 75, 2010 vikawa 102, na 2015 vikawa 113.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Mbunge huyu hapigiwi kura na mwananchi. Zinajumlishwa kura za ubunge nchi nzima, chama kilichopata kuanzia asilimia 5 kinagawiwa viti kwa kadiri ya kura zake, na majina kinapeleka chenyewe Tume. Kwa CCM mlango ni UWT: wa Simiyu anaomba kura kwa wajumbe wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Wajumbe tu. Mama anayeuza nyanya sokoni kwetu hana lake hapo. Nauli na chai ya kuzungukia wilaya tano inatoka wapi, mimi simo!

Akifika mjengoni Dodoma, bado. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa jimbo, kwa hiyo wa viti maalum hata awe mkali vipi, hapo hapiti. Mfuko wa Jimbo, ule wa sheria ya 2009, nao unakwenda majimboni. Ukimfuata na shida ya madawati, fungu hana. Halafu tunamlaumu eti hafanyi kitu, jamani.

Dawa ilishaandikwa. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, Desemba 2013, ilitaka kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, wote wapigiwe kura na sisi. Bunge Maalum likalitoa pendekezo hilo 2014, na kura ya maoni ya Katiba iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Mimi naona tulipoteza kitu kikubwa pale.

Ila njia ya kutoka viti maalum kwenda jimboni ipo, na mfano uko hapa hapa. Leah Komanya aliingia 2015 kwa viti maalum Simiyu, mwaka 2020 akashinda jimbo la Meatu.

Jimbo nalo halimalizi kila kitu. Condester Sichalwe alikuwa mbunge wa jimbo, Momba, na Juni 2021 akatolewa ukumbini kwa sababu ya suruali, baada ya mbunge mwenzake mwanaume kusimama kuilalamikia. Sheria za watu milioni sitini zinasubiri, wao wanajadili suruali. Haya.

Nikarudi kwa binti na majibu yangu. Fomu ya viti maalum iko kwenye chama. Ya jimbo nayo lazima upitie chama, uwe umetimiza miaka 21, na ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kaniuliza uchaguzi ujao lini, nikamwambia 2030. Akahesabu vidole, kisha akasema, "Basi niandikie ya jimbo."