Namoya: kilima kizima kinajulikana kwa mawe machache

Salamabila, teritori ya Kabambare. – Tangu enzi ya Wabelgiji, vilima vya Namoya vinatobolewa ili kujua dhahabu iko wapi. Mwaka 1976 migodi ya Kivu na Maniema iliunganishwa chini ya SOMINKI. Mwaka 1996 kampuni ya Banro ya Kanada ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake, na mwaka 2016 Namoya ikaanza kuzalisha kibiashara. Wenye mgodi walibadilika, shida ilibaki ile ile: hakuna awezaye kuvunja kilima kizima apime kila jiwe. Zinatolewa sampuli chache za Mwendamboko, Kakula au Muviringu, nazo ndizo zinasemea kilima chote.

Chukua mfano. Sampuli 40 zimepimwa, 12 zina dhahabu ya kutosha. Ni asilimia 30. Lakini kama zingetolewa 40 nyingine, pengine zingepatikana 9, au 15. Asilimia 30 inaaminika kiasi gani?

Mwaka 1979 Bradley Efron, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitangaza njia inayoitwa butistrapu. Weka kokoto 40 ndani ya kikapu: 12 nyekundu, 28 nyeupe. Toa moja bila kuangalia, andika rangi yake, irudishe, tikisa kikapu, toa tena, mpaka mara 40. Usipoirudisha, nyekundu zitakuwa 12 kila mara, na hutajifunza kitu. Rudia kazi yote mara 1,000. Hapo kompyuta inasaidia. Panga majibu toka dogo mpaka kubwa, ondoa 25 ya chini na 25 ya juu. Yanayobaki yanaanzia karibu asilimia 17 na kufika kama 45. Huo ndio upana wa kadirio.

Lakini kikapu hakiponyi sampuli mbaya. Kama mawe yote yalitolewa mahali palipojulikana kuwa na dhahabu, kosa litarudiwa mara 1,000.

Ndivyo ilivyo kwa kuhesabu familia zilizohama. Anayeuliza nyumba 40 za kando ya barabara ya Kasongo hajawauliza waliopokelewa vijiji vya ndani, na namba yake ndiyo inaamua unga na maturubai yatakayoletwa. Namba ikisomwa, maswali ni matatu: wameulizwa wangapi, walichaguliwa namna gani, na kadirio la chini na la juu ni lipi?