Kipimo cha chaji ya betri

Kipimo cha chaji ni saketi inayokadiria umeme uliobaki kwenye betri ya kuchaji na kuuonyesha kwa asilimia, vijimstari au taa ndogo. Hukadiria tu, kwani hakuna namna ya kuchungulia ndani ya seli na kuona kilichobaki.

Njia rahisi ni kupima volti. Seli ya kawaida ya lithiamu-ioni iliyojaa huwa na volti 4.2 hivi, ikikaribia 3.0 huhesabiwa kuwa tupu. Lakini volti hushuka betri inapofanya kazi nzito na kupanda ikipumzika, ndiyo maana drili inaweza kuwasha taa moja ikitoboa zege na mbili ikiwekwa mezani. Seli za lithiamu na fosfati ya chuma, zilizoenea kwenye mifumo ya sola, zinatatiza zaidi: volti yake hukaa karibu na 3.2 au 3.3 kwa muda mrefu, kisha huporomoka ghafla.

Kwa hiyo pakiti bora za betri huhesabu mkondo. Mkondo hupitia rezista yenye ukinzani mdogo mno. Chipu husoma tofauti ya volti kwenye ncha zake na kujumlisha umeme unaoingia na kutoka, kwa ampea-saa. Makosa madogo hujilimbikiza, na betri ikizeeka uwezo wake hupungua. Simu inayozimika ikionyesha asilimia 20 mara nyingi ina betri iliyochakaa. Kuitumia hadi ijizime kisha kuijaza kabisa huisaidia chipu kusahihisha hesabu, ila kufanya hivyo kila siku huichosha betri bure.