Moto Unaojiwasha

Mwaka 2010 nilipanda pikipiki kutoka Nachingwea mjini kwenda Lionja. Penye kilima injini ikaanza kugonga, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Kijana aliyenipakia hakushtuka. "Kaka, petroli hii imechakachuliwa. Wametia mafuta ya taa."

Alisema kweli. Ndani ya silinda, plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa upande mmoja. Moto ukiwa bado njiani, mchanganyiko uliobaki hugandamizwa na kufikia joto la nyuzi mia kadhaa. Kwa moto, hilo ni joto dogo. Lakini linatosha kwa haidrokaboni zenye minyororo mirefu iliyonyooka kunyakua oksijeni na kuunda peroksidi. Peroksidi hizo hazidumu. Huvunjika, na vipande vyake huchochea vingine, hadi mabaki yote yanalipuka kwa mpigo kabla moto wa plagi haujafika. Hapo ndipo pistoni inapopigwa. Petroli njema ina minyororo yenye matawi, ambayo ni migumu kujiwasha. Mafuta ya taa yana mingi iliyonyooka.

Maradhi haya ni ya zamani. Desemba 1921, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors, Marekani, aligundua kwamba risasi kidogo ndani ya petroli huyatuliza. (Naam, madini yale yale ya risasi za bunduki.) Injini zikatulia, nao watoto wa mijini wakavuta sumu inayodhuru ubongo. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006.

Sumu ikaondoka, ulaghai ukabaki. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo ili mnyonge apate mwanga, na mchakachuaji akavuna tofauti ya bei. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa. Kabla vinasaba havijapewa muda, na hapa mimi nailaumu Serikali, bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi kama 400 kwa lita. Kuchanganya kukakosa faida.

Mwenyeji wangu wa Lionja hakuwa na gari wala pikipiki. Alikuwa na kibatari, na watoto watatu waliokizunguka na madaftari yao. Niliporudi mwisho wa 2011, kibatari kiliwashwa wakati wa kula tu.